Kipimo cha Pili

Mke wangu mpendwa, Mama Upendo,

Tangu tukulaze kaburini Mvumi, watu huniuliza kazi yako ilikuwa nini hasa. Huwaeleza kama ulivyonieleza mimi, siku ile godoro la Upendo lilipokuwa kubwa kuliko kitanda. Tulilisukumiza mpaka likaingia. Ukacheka, ukalichomoa, likatanuka.

"Baba Upendo, mwamba nao umebanwa hivi chini ya ardhi. Tunakata kipande, tunapima kimetanuka kiasi gani na upande gani. Hapo tunajua ukumbi wa mitambo ya umeme tuulaze vipi ndani ya mlima. Ukumbi ukiukingamia msukumo, kuta zinapasuka."

Mara ya mwisho ulirudi nyumbani Ipagala umekonda. Kipimo chako kilionyesha kwamba ukumbi uliochorwa umekingama, ukataka ugeuzwe. Wakubwa wakasema michoro haibadilishwi kwa kipimo kimoja. Ukapime tena, ndani zaidi.

"Si aende mwingine?" nilikuuliza ukifunga begi.

"Akienda mwingine, naye ataambiwa arudie. Acha nimalize."

Mkuu wenu wa kazi alinifuata ofisini kwangu Mtumba. Nilimkaribisha kiti, akabaki amesimama. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Jiwe lilikuwa limefyatuka ukutani, humo ndani ya mlima, ulipokuwa ukiandaa shimo la kupimia. Wenzako walitoka salama.

Hao ndio waliokamilisha kazi. Niliposikia majibu nilikwenda Mvumi kumwambia mama yako. Alikuwa akipepeta uwele. Aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza.

"Kwa hiyo kipimo cha pili kilisemaje?"

"Kilekile, mama."

"Sasa cha kwanza kilikuwa na kosa gani?"

Ungo ukamponyoka, tukaanza kuokota uwele mchangani.

Ukumbi wameugeuza. Wanachimba, na hakuna aliyeumia. Wanasema ni kwa sababu yako. Nashukuru kwa ajili ya wake wa wale wachimbaji, kisha nawaonea wivu mpaka naona aibu. Walinialika nikaone, sikwenda.

Juzi asubuhi nilimwamsha Upendo kwa kuiga ulivyokuwa ukimwita. Akakasirika. "Mama hakuita hivyo!"

"Aliitaje?"

Akafungua mdomo. Akajaribu, akajaribu tena, halafu akajifunika shuka.

Pumzika, mpenzi. Mimi bado sijaweza.

Mumeo,
Baba Upendo