Wimbo wa Kumi Uliousimulia Wewe

Mjomba Iddi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila Bibi amenifundisha kwamba salamu ni haki ya mkubwa popote alipo.

Arobaini yako imepita. Hitima tuliisoma Kondoa, karibu na ulikolala. Watu walizidi sahani, wengine wakala kwa zamu, na hakuna aliyenung'unika. Siku zote hizo Bibi alikataza muziki nyumbani Nkuhungu, nami nikatii. Redio yako niliifunika kwa kanga. Jumamosi, siku zetu za kusikiliza, zilikuwa ndefu.

Kule Kizota karakana yako anaitunza Fundi Saidi, jirani yako aliyekuwa akikutania kwa muziki wako, "Iddi, hao Wazungu wako leo wamefiwa na nani?" Amemalizia geti uliloliacha. Ameweka maua yote uliyoyachora, hata yale aliyokuwa akisema yamezidi.

Wewe ulipenda vitu vilivyozidi kidogo. Ulisema geti la kawaida linafunga nyumba, lakini geti zuri linafungua pazia. Ndiyo maana uliipenda ile CD uliyoikuta ndani ya redio uliyoachiwa na mteja aliyehama mji. Nakumbuka mara ya kwanza uliponikalisha juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa ukaniambia, "Zuhura, hizi si nyimbo kumi na mbili. Hili ni onyesho moja. Mtu haondoki katikati." Kikaanza kinanda peke yake, taratibu kama mtu anayepanda ngazi gizani, halafu gitaa likaingia kama grinda inapogusa chuma, nikaruka. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Nilipoanza kidato cha kwanza tuliyatafsiri maneno kwa kamusi yangu ya shule. Mzee mwenye jumba la maonyesho amesahauliwa na mji wake. Anatangaza onyesho la mwisho, anapita mlango kwa mlango, anagombana na kivuli chake mwenyewe, anashona mavazi. Katika wimbo wa tisa anafungua milango ya jumba na kungoja. Matarumbeta yanapanda, kwaya inapanda, ngoma zinapigwa kama za gwaride, halafu kimya.

Halafu wimbo wa kumi, ambao mimi sikuwahi kuusikia.

Nisamehe nikikumbusha. Siku ileile ya kwanza, CD ilipoanza kukwama baada ya wimbo wa tisa, uliing'arisha kwa ile dawa ya kung'arishia chuma, ukizungusha kitambaa duara kwa duara kama unavyofanya kwenye komeo. Ilimeta kweli, Mjomba. Lakini wimbo wa kumi ulikufa palepale. Ulifuta mikono, ukasema, "Usiutafute kwenye simu. Huo nitakuimbia mimi." Kuanzia siku hiyo tukifika hapo ulizima redio, ukachukua nyundo na kipande cha bomba, ukaniimbia jinsi watu walivyoanza kuja. Kwanza mtoto mmoja. Kisha mama muuza vitumbua na sinia lake kichwani. Kisha mji mzima, mpaka wengine wakakaa madirishani. Saidi alikuwa akipiga kelele kutoka kwake, "Na mimi niwekeeni kiti!" Nilikuwa naona vitumbua kwenye albamu ya Wazungu ni jambo la ajabu, lakini sikuuliza.

Baada ya arobaini nilishindwa kuvumilia. Neema, rafiki yangu wa darasani anayeimba kwaya kanisani kwao, aliutafuta kwenye simu ya mama yake na kuupata mara moja. Sikutaka aubonyeze. Niliogopa kwamba nikiusikia wa kweli, wako utafutika, na sauti yako nyingine sina. Neema akasema, "Basi tuanze wa kwanza, ukifika wa kumi utaamua." Tukakaa uani kwao mchana, tukaanza. Kwenye wimbo wa tano alininong'oneza, "Huyu anaanza kama pambio halafu anakasirika ghafla!" Nikamnyamazisha kama ulivyokuwa ukininyamazisha mimi. Tulipofika wa kumi sikusema acha.

Mjomba, hawakuja.

Ni piano tu, na yule mzee anahesabu viti vitupu kwa sauti ndogo. Hakuna ngoma hata moja. Kisha anavaa kofia yake na kupanda jukwaani. Basi.

Nililia kidogo, halafu wimbo wa kumi na moja ukaingia, ule wa furaha, na ndipo nilipopata kuielewa albamu. Miaka yote nilidhani anaimba kwa furaha kwa sababu ukumbi umejaa. Kumbe ukumbi ni mtupu. Makelele yote yale, kwaya na matarumbeta na kila kilichozidi, ameyatoa kwa ajili ya viti. Neema alisema mwili umemsisimka. Mimi pia. Ni wimbo mkubwa kuliko nilivyoujua.

Wewe ulikuwa umeusikia kabla haujaharibika. Ulijua. Nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Mama alikuwa amefariki mwaka uleule, ndiyo kwanza nimehamia kwenu. Nadhani uliona sikuwa tayari kwa viti vitupu. Sina kinyongo. Na wako haukufutika. Sasa ninazo mbili.

Jana niliifunua redio. Bibi, ambaye siku zote aliuita muziki wako kelele za watu walionyimwa chakula, alikuwa anachambua mchele mlangoni. CD ilipofika mwisho wa wimbo wa tisa nilizima. Bila kuinua kichwa akauliza, "Kwani yule mzee, watu walikuja au hawakuja?"

Nikashangaa amejuaje. Akasema, "Mwanangu alikuwa akiniimbia huku anakula."

Nikamwambia ukweli, kwamba ziko namna mbili.

Akasogeza ungo, akaacha nafasi kwenye mkeka. "Anza na ya Iddi," akasema.

Sikuwa na nyundo, nikatumia mwiko na sufuria. Nakuahidi, Mjomba, yeyote nitakayemsikilizisha onyesho hili atawaona kwanza watu wako wakiingia mmoja mmoja, ndipo nimwoneshe viti. Pumzika kwa amani. Namwomba Mungu akupe nafasi pana.

Mpwa wako,
Zuhura