Shaba ya Hame la Babu

Jumatatu, 28 Juni 1982

Kutoka Nkowe mpaka Malolo hakuna mwanamume anayechimba shimo kama mimi. Hayo si majivuno, ni habari. Nikishika sururu ardhi yenyewe inajisogeza kunipisha. Wengine wanashikana wawili kwa shimo moja, mimi peke yangu namaliza mawili na bado naimba. Tena nimefunga. Ramadhani, jua la kukausha mate, na mimi naimba.

Bwana Miamba kasema nina akili ya kuzaliwa. Jina lake Temu, katoka Moshi kwenye baridi, serikali imemleta kutafuta madini kwetu. Bwana shamba tunaye, bwana afya tunaye, basi huyu tumemwita Bwana Miamba. Kazi yake hii: anapiga mstari porini kwa dira, kila baada ya mita kadhaa tunachimba shimo mpaka kiwiko kizame, tunachekecha udongo, tunautia kwenye mfuko wa karatasi, yeye anaandika namba. Mifuko inakwenda Dodoma. Huko wanauchemsha udongo kwa dawa kali mpaka utaje kila kilichomo. Shaba, dhahabu, hata aibu yake. Ukiniuliza mimi, uganga mtupu, ila uganga wa serikali.

Sele, mwenzangu wa kushika chekeche, kauliza kama wanachemsha na binadamu. Nikamwambia wewe wakikuchemsha watakuta ugali tu.

Masharti mengi. Usivae pete. Sururu isafishwe. Na kubwa kuliko yote: usichukue udongo wa mahali alipoishi mtu. Anasema majivu, misumari, mabetri, vyote vinaingia ardhini na kuidanganya maabara. Tukifika kwenye hame tumwambie, aruke. Mwenyewe hawezi kuyajua. Mahame yote ya kabla ya kuhamishiwa vijijini yamemezwa na majani. Anayeyajua ni sisi.

Darasa la sita nililikimbia. Leo natembea na mtu wa chuo kikuu, tena yeye ndiye ananiuliza njia. Mwalimu wangu na fimbo yake aje aone.

Jumatano, 30 Juni

Siku mbaya. Koo kama msasa. Ardhi imekauka, sururu inarudi na cheche. Sikuimba.

Mchana mstari ukaingia moja kwa moja kwenye hame la Babu. Niliijua mikorosho yake toka mbali. Chini ya ule mkubwa ndipo palipokuwa kiwanda chake cha uhunzi. Babu aliyeyusha maganda ya risasi, waya, masufuria ya shaba yaliyotoboka, akatengeneza vikuku. Bibi ndiye aliyevuta mivukuto ya kupulizia moto. Sasa ni majani tu, marefu kunipita.

Bwana Miamba akauliza, "Hapa aliishi mtu?"

Nikakanyaga. Udongo mweusi, laini kama unga. Tukiruka, shimo linalofuata liko juu ya jabali.

"Hapa? Labda nguruwe, mzee."

Tukamaliza kufumba na kufumbua. Sele alinitazama. Nikamkonyeza. Mfuko ukajaa.

Nimefuturu uji. Niko hoi.

Jumamosi, 24 Julai

Idi jana. Bibi kapika pilau. Mchele sijui kautoa wapi, dukani hakuna. Bibi ananiita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu, ila huyu wangu ananioa kweli. Mume wangu, kuni. Mume wangu, maji. Naishi naye toka mama aolewe Nachingwea. Kiswahili chake ni cha gulioni: bei, chumvi, shikamoo. Mengine yote Kimwera. Akija mtu wa ofisi, mimi ndiye redio yake.

Mchana alikwenda hameni kufagia kaburi la Babu. Haachi. Na korosho za pale ndizo zinazotuvisha.

Bwana Miamba kaondoka na mifuko. Kasema majibu yakiwa mazuri ataomba nichukuliwe moja kwa moja, nikafundishwe kazi ya maabara. Dodoma! Mimi, koti jeupe. Nimemwambia Sele aanze kuniamkia mapema azoee.

Jumatatu, 20 Septemba

Landrova imerudi. Bwana Miamba karuka kabla haijasimama vizuri. Shaba! Mifuko yote ilikaa kimya, mmoja ndio umepiga kelele. Shaba na madini ya risasi, nyingi, kupita alivyowahi kuona upande huu.

Nikauliza wapi. Nilikuwa nimeshajua. Kafungua ramani, kaweka kidole.

Mwenyekiti wa kijiji kaita watu. Keshaanza kuzungumza lami na umeme. Kanisimamisha mbele: "Kijana wetu huyu ndiye aliyeuchimba ule udongo!" Watu makofi, akina mama vigelegele. Nikainua mikono yote miwili. Niandike ukweli, raha niliipata.

Bwana Miamba kanipa mkono. Kasema barua yangu ataiandika mwenyewe.

Sele kanivuta pembeni. "Beka, mwambie."

"Nawe ulishika chekeche," nikamjibu.

Akanigeuzia mgongo, akaenda zake. Anajua kuudhi hata kwa mgongo.

Jumatano, 22 Septemba

Watachimba mtaro. Mrefu, kina cha kumpita mtu, kuanzia pale pale kiwandani. Mikorosho mitatu imesimama njiani, lazima ikatwe, nayo sasa hivi imejaa mabibo. Kaburi la Babu liko kando. Bwana Miamba kasema halitaguswa, na mtaro utafukiwa kabla ya mvua.

Nimemweleza Bibi kwa mkato. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Shaba gani? Hiyo ni ya babu yako, alikuwa haoni vizuri, nusu alikuwa anaimwaga chini, na mimi namsema kila siku. Kisha akaacha kucheka. Akauliza ni mikorosho gani. Nikamwambia.

"Mume wangu, kawaambie."

Nikasema nitawaambia.

Sikuwaambia. Nilifika mpaka kwenye hema la Bwana Miamba. Alikuwa anaandika. Kanionyesha ile barua, jina langu juu, limepigwa mstari chini yake. Nikasema nilikuja kuuliza saa ya kuanza kazi.

Jumamosi, 25 Septemba

Bibi hakungoja. Asubuhi tumeshika mashoka, namwona anakuja na kaniki yake, fimbo mkononi, peke yake kutoka kijijini.

Wachimbaji wameletwa toka Nachingwea, hakuna hata mmoja anayesikia Kimwera. Mwenyekiti ni Mmakua wa Masasi. Sele kaenda Naipingo msibani. Nilikuwepo mimi.

Bwana Miamba kavua kofia. "Shikamoo, bibi." Bibi kaitika, kaanza kusema. Kasema yote. Mumewe alikuwa mhunzi, moto uliwaka hapa miaka na miaka, shaba mnayoitafuta ilimwagika na mkono wa mtu, chini hakuna kitu, msikate miti yangu bure. Alionyesha kwa fimbo mahali pa tanuru. Akaitupa fimbo, akainama, akaanza kuvuta mivukuto, mkono huu juu, mkono huu chini, juu, chini, kama zamani.

"Anasemaje?" Bwana Miamba kaniuliza.

Nikasema, "Anashukuru kwa maendeleo. Anaomba tu kaburi la mumewe lisiguswe."

"Na hivyo vya mikono?"

"Moyo wake. Anaonyesha unavyompiga."

Bwana Miamba kamshika mikono yote miwili, macho yamemlowa kabisa. "Usiwe na hofu, bibi yangu. Kaburi nitalilinda mimi."

Bibi kamwangalia. Kisha kaniangalia mimi. Sijui kaelewa maneno mangapi. Kiswahili cha gulioni kina neno shukuru.

Shoka la kwanza likalia. Mkorosho ukaanguka na mabibo yake, mengine mabichi. Bibi kaokota fimbo, karudi. Sikumsindikiza. Nilikuwa nimeshika tepu ya kupimia.

Jumanne, 5 Oktoba

Nyumbani sasa Bibi ananiita Bakari, jina kamili. Mume wangu imekwisha. Chakula anapika, anaweka, anaondoka.

Mtaro umenipita kimo. Juu kulikuwa na majivu, mkaa, mavi ya chuma, na kile kibomba cha udongo cha kupulizia moto, kimevunjika kati. Chini yake udongo mwekundu. Mwekundu, mwekundu tu, mpaka chini.

Bwana Miamba kachuchumaa, kakigeuzageuza kile kibomba. "Beka. Hapa aliishi mtu?"

Nikasema labda zamani sana, wakati wa Mjerumani.

Hakunigombeza. Kasema kosa ni lake, angefyeka majani atazame kwanza, si kukimbilia kuamini karatasi ya Dodoma. Afadhali angenizaba kofi.

Alhamisi, 14 Oktoba

Wameondoka. Petroli imebaki ya kuwafikisha Nachingwea tu. Kasema atatuma watu wa kuufukia mtaro. Habari ya barua hakuigusa, nami sikuigusa.

Mwenyekiti hazungumzi lami tena. Anapita kama hanijui. Vijana wa gulioni wananiita Bwana Shaba. Nikawaambia nyie hata udongo wenu haujawahi kupanda gari kwenda Dodoma. Wakacheka. Nami nikacheka. Nikaenda nyumbani nikalala mchana kweupe, mlango nimefunga.

Jumamosi, 13 Novemba

Hakuna aliyekuja kufukia. Mawingu yanajikusanya. Sele kasema twende sisi wawili na machepe. Nikasema wiki ijayo, korosho zimebana. Korosho zenyewe za miti iliyobaki, hata gunia hazijazi.

Ukweli sitaki kufika pale.

Jumapili, 5 Desemba

Mvua usiku kucha. Asubuhi mtoto wa jirani kaja mbio. Ukingo wa mtaro umemeguka. Kaburi la Babu limeshuka mtaroni, nusu yake.

Nilikwenda. Nilisimama juu. Sitaandika nilichokiona.

Jumanne, 7 Desemba

Sheikh kasema azikwe upya, makaburi ya kijijini. Sanda hakuna. Duka la kijiji halijapata kitambaa toka mwezi wa nane. Nikasema niendeshe baiskeli mpaka Nachingwea, watu wakanitazama, na mvua ile.

Bibi kaingia ndani. Katoka na kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri, kinanuka karafuu. Nilikuwa nakiona kwenye sanduku lake toka nikiwa mdogo. Ni sanda yake. Aliinunua mwenyewe ajisitiri siku yake ikifika.

Mwenyekiti alikuja pia. Alishika jeneza upande mmoja.

Mtaroni nilishuka mimi. Hawakuniambia, nilishuka. Matope mpaka magotini. Nilikusanya kwa mikono, sururu sikuigusa. Bibi alisimama ukingoni na mwavuli uliovunjika. Neno moja tu toka kwake, kwa Kimwera. Taratibu.

Tumemzika kabla ya Adhuhuri.

Ijumaa, 10 Desemba

Mvua imepumzika. Bibi anapanda mbaazi nyuma ya nyumba. Mimi natoboa vishimo, yeye anatia mbegu, anafunika kwa mguu. Hameni hajakwenda tena.

Watu wanadhani nimenywea kwa sababu ya kazi ya Dodoma. Sele anadhani ni ule mfuko. Ule mfuko ni kiu na uvivu, siku moja nitaweza kuusimulia watu wacheke, nami nicheke nao.

Jambo lenyewe ni moja. Jumamosi ile Bibi alisema kweli mbele ya watu wote, na mdomo aliokuwa nao ni wangu tu. Nikautumia kusema yangu. Wakati ule mikorosho ilikuwa bado imesimama.