Dagaa na Mvinyo wa Hispania

Jeppestown, Johannesburg

Kwako mke wangu, Mama Zawadi,

Kabla ya salamu naomba usimame, na mama mkwe naye asimame kama mgongo unamruhusu, mpokee tangazo rasmi: mume wako sasa ni mjuzi wa mvinyo mweupe wa Hispania. Basi, kaeni.

Hamjambo hapo Ujiji? Mgongo wa mama umepoa? Zawadi ameacha kulia akienda shule? Mimi ni mzima. Kwenye simu huwa nasema "niko sharp" kabla hujaniuliza, ndiyo maana safari hii naandika. Karatasi haina haraka.

Habari yenyewe ni hii. Mgahawani kwetu uliletwa mvinyo mpya, baridi hadi glasi inatoka jasho. Meneja akatupanga wahudumu wote, akatumiminia kidogo kidogo. Akasema atakayeupatia chakula kinachoendana nao ndiye atakayekuwa anaueleza kwa wageni, na ndiye atakayepewa likizo ya Pasaka. Likizo ni ya mtu mmoja tu. Mama Zawadi, nilinusa ile glasi kama mbwa wa polisi.

Mwenzangu Papa Deo, Mkongomani wa Uvira, alitangulia kuonja.

"Papa, unasikia nini humo?" nikamuuliza.

"Nasikia bei."

Mimi nilisikia ndimu. Halafu tufaha bichi, na mwishoni chumvi kidogo. Wageni wetu hupenda mvinyo wa namna hii kwa samaki, kamba na jibini la mbuzi, kwa sababu ukali wake unaosha mafuta ulimini. Lakini ndimu ile ilinipeleka moja kwa moja kwenye sahani yako: dagaa wakavu waliokaangwa hadi wanalia menoni, kitunguu, pilipili, ndimu juu. Nikasema, "Dagaa."

"Walete Jumanne tuonje," akasema meneja.

Nikaenda Marshalltown kwa mama mmoja Mrundi anayepanga dagaa karibu na robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Akaniuliza, "Kaka, nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Eish, pole," akasema, akaniongezea konzi moja. Konzi ile ilinikaa kifuani njia nzima.

Mbele ya jiko ndipo nilipogundua jambo. Miaka tisa nimekula dagaa wako, na sikuwahi hata siku moja kuingia jikoni nione unafanyaje. Kazi yangu ilikuwa kuita, "Mama Zawadi, tayari?" Basi nikawakaanga na vichwa vyao na matumbo yao. Wakatoka wachungu. Nikaonja, nikainua kichwa nikulalamikie, nikaona ukuta.

Nikawapeleka hivyo hivyo. Uchungu wa dagaa na ukali wa mvinyo vikakutana mdomoni kama mawifi msibani. Meneja alitafuna kwa adabu, akaomba maji.

Kwa hiyo niandikie: vichwa unavitoa kabla ya kuosha au baada? Maji ya moto au ya baridi? Ndimu unaikamua wakiwa kwenye kikaango au kwenye sahani? Nataka chumba hiki kinuke kama kwetu, walau mara moja. Jumapili nakaa na redio. Naisemesha Kiswahili, inanijibu Kizulu.

Msalimie mama mkwe, mwambie mvinyo wote niliutema kwenye ndoo. Ndio utaratibu wa kazi, na mimi huufuata karibu kila mara. Msalimie shemeji fundi baiskeli na shangazi wa kwaya. Zawadi mwambie baba atakuja, ila siku usimtajie.

Ni mimi mumeo,
Baba Zawadi

Nilisahau: barua hii anakuletea Papa Deo, akipitia Kigoma kwenda kwao. Mkaangie dagaa, naomba. Likizo amepata yeye. Alisema kuku.