Nilichakaza Mabehewa ya Baba Mkwe, Sasa Hataki Kuniona

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana nimeshachekwa vya kutosha nyumbani kwangu na nimeshasemwa vya kutosha ukweni, na ninachotaka sasa ni mtu mmoja tu mwenye akili timamu aniambie kosa langu ni lipi, kwa sababu mimi silioni.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni kutengeneza mafriji, na mwisho wa wiki nina meza yangu ya reli, yaani treni ndogo, za kuchezea kwa wanaopenda kusema hivyo, ingawa mimi sichezi, najenga: stesheni, daraja, ghala, na mabehewa ya mizigo yenye urefu wa kiganja. Chama chetu kina watu kumi na mmoja, tunakutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la mbao, na humo mimi najulikana kwa jambo moja, kuchakaza, hata wananiita Fundi Kutu. Kuchakaza ni hivi: behewa likitoka dukani linang'aa, na hakuna behewa la mizigo linalong'aa hivyo likiwa kazini, kwa hiyo unalichafua kwa ustadi. Wenzangu wananunua poda maalumu za bei mbaya, mimi sina hata moja, nakwangua chaki ya shule kwa kisu mpaka iwe unga, kahawia na ya chungwa kwa ajili ya kutu, ya kijivu kwa vumbi la magurudumuni, nakomba masizi chini ya sufuria, nachana kipande cha sponji ya vyombo nakichovya kwenye rangi kidogo sana nagusagusa ili ionekane rangi imebanduka, penseli laini kwenye kingo za milango, na rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi naiacha iteremke yenyewe kutoka paani kwenda chini, kila mara kwenda chini, maana ndivyo mvua inavyopita. Ukimaliza unapuliza dawa ya nywele ya mkeo ili vumbi lisitoke. Nayaeleza haya ujue kwamba sikumwaga matope tu, mimi ni mtu wa kazi.

Sasa, baba mkwe. Huyu mzee alikuwa fundi rangi kwenye karakana ya mabehewa kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu akajitengenezea mabehewa madogo kumi na mawili ya mbao na bati, akayapaka rangi mwenyewe, akayaandika namba na herufi zote kwa mkono mtupu, kwa brashi yenye nywele za kuhesabika, akayapanga kwenye kabati la vioo sebuleni, na hapo yalikaa yakiwa safi kiasi kwamba mgeni akikohoa karibu nayo anatazamwa. Nikamwomba aniazime sita kwa ajili ya maonyesho ya chama, akafikiri wiki nzima, akakubali, akayafunga moja moja kwenye vitambaa vya pamba, akaniambia, "Yashike kwa chini, mwanangu, ubavuni usishike."

Mshauri, nilipoyapanga kwenye meza yangu yaliniumiza macho. Reli zina kutu, ghala lina moshi, kila kitu kimechoka kama inavyotakiwa, halafu haya sita yamekaa katikati kama maharusi ndani ya gereji. Nikasema moyoni, nitamfurahisha mzee, nitampa uhai wa kazi yake, nikakaa nayo siku tatu mfululizo na nakuapia sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, manne niliyapaka chaki na masizi nikayaacha bila kupuliza kitu kwa sababu dawa ya nywele ilikuwa imeisha, mawili nikayafunga kwa vanishi isiyong'aa niliyokuwa nayo kidogo, na moja kati ya hayo nilipitisha msasa ubavuni kidogo tu ili ionekane kutu imekula namba, na Jumamosi tukafungua ukumbi, watu wakajaa kwenye meza yangu kuliko meza zote, wakapiga picha, na nikapewa ngao ya meza bora, na kadi niliyoiweka mbele ya mabehewa ilisomeka wazi, "Kazi ya Fundi Kutu."

Basi mzee akaja, amevaa koti na tai, yuko na mke wangu na shemeji yangu aliyewaleta kwa gari. Akasimama mbele ya meza. Akachukua behewa moja, akalishika kwa chini, akalipitishia kidole gumba, kidole kikatoka cheusi.

"Hii ni nini?"

"Ni uhalisia, baba," nikamwambia. "Sasa yanaonekana yamefanya kazi."

Akaniangalia. "Kazi yao naiona. Yangu iko wapi?"

Nikadhani ananitania, nikacheka, na watu waliokuwa pale wakacheka pia. Akalirudisha behewa relini, akafuta kidole kwa leso, akatoka akaenda kwa miguu ingawa gari lilikuwa mlangoni. Nyumbani mke wangu akaniwakia, "Umemfuta baba yangu! Umemfuta!" Nikamwambia asitie chumvi, ni vumbi la chaki. Akasema, "Na zile namba? Mkono wake siku hizi unatetemeka hata kikombe hakimalizi safari, zile namba ataziandika na nini?" Akachukua watoto, akaenda kwa baba yake, na leo ni siku ya tisa. Nilipowafuata, shemeji alisimama mlangoni, hata kiti sikupewa, akasema, "Mzee amesema ubaki nayo." Yote sita! Na nasikia yale yaliyobaki ameyatoa kabatini ameyafungia kwenye sanduku, kabati liko tupu, na wote wananiangalia mimi kana kwamba nimeua mtu.

Nimekasirika, mshauri, sifichi. Nimefanya kazi ya kushinda ngao kwa chaki na masizi, nimelipatia behewa uhai, halafu naitwa mharibifu? Niombe radhi kwa kushinda? Naomba umwandikie mke wangu arudi nyumbani, na umweleze mzee, kwa heshima zote, kwamba behewa safi ni uongo.

Ni mimi, Fundi Kutu niliyeonewa.

*

Wewe Fundi Kutu uliyeonewa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimekaa, mara ya pili nikiwa nimesimama. Unataka uambiwe kosa lako ni lipi. Ngoja nivue miwani kwanza, maana ni mengi na yote umeyaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Uliazima kitu cha mtu ukakibadilisha bila kumuuliza. Hilo peke yake lingetosha, na mtoto wako mdogo analijua. Lakini wewe ukaenda mbele. Uliyawekea mabehewa yake kadi yenye jina lako. Mbao si zako, bati si lako, rangi si yako, namba si zako, lako ni vumbi la juu tu, halafu mzee wa watu anavaa tai anakuja kutazama kazi yake anakuta ni "Kazi ya Fundi Kutu." Na alipokuuliza swali, ukamcheka mbele za watu. Baba mkwe wako! Ukumbi mzima ukafuata kicheko chako!

Na kuna hili la msasa. Umelichomeka katikati ya sentensi, kati ya vanishi na Jumamosi, ukatumaini nitalipita. Kazi yangu ni kusoma barua za watu wanaoficha jambo katikati ya sentensi. "Kidogo tu." Fundi, chaki inaoshwa. Namba iliyokwanguliwa haioshwi, na mkono ulioiandika haupo tena kama ulivyokuwa. Mkeo alikuambia hivyo kwa maneno mepesi kabisa na wewe ukamjibu habari za chaki. Mkeo simwandikii. Mwanamke ambaye baba yake ameumizwa amekwenda kukaa na baba yake, sasa mimi nimrekebishe nini?

Nikuambie kitu. Kabla ya kushika safu hii nilishona sare za shule miaka kumi na minane. Kila sare niliyoikabidhi ilirudi kwangu ikiwa na wino, mfuko umechanika, kola nyeusi, na hiyo ndiyo kazi ya sare, sikulalamika. Ila mtu alipotaka kujua mimi ni fundi wa namna gani, sikuwa na cha kumwonyesha. Zote zilikuwa zimeshavaliwa. Fundi rangi wa mabehewa ni vivyo hivyo. Anapaka, linatoka getini, na akiliona tena limeshakuwa lile unalolipenda wewe, lenye kutu na masizi. Miaka thelathini na minne, Fundi! Hayo kumi na mawili ndiyo mabehewa pekee katika maisha yake ambayo hayakutoka getini. Alikupa sita, wewe ukayatoa.

Kwa hiyo usiniletee habari ya uongo na ukweli. Behewa chafu ni kweli. Na behewa lililokauka rangi asubuhi, kabla hajaja mtu kulichukua, nalo ni kweli, na mzee ndiye aliyekuwepo kuliona. Wewe ulikuwa unatengeneza mafriji.

Sikukasirikii ufundi wako. Chaki, masizi na sponji ni mbinu nzuri na hazimfilisi mtu, na wasomaji wengine mnaopenda treni ndogo igeni, ila kwenye mabehewa yenu, na mjaribu kwanza kwenye lile bovu ambalo hata likiharibika hakuna anayelia. Nimempigia simu jamaa mmoja anayejua mambo haya kuliko mimi, na haya ndiyo aliyoniambia, yashike vizuri. Yale manne yasiyopulizwa kitu yanasafishika kwa brashi laini kavu, kisha kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kimekamuliwa. Usiyaloweke, ni mbao, yatavimba. Yale mawili ya vanishi usiyaguse kwa dawa yoyote ya kuondolea rangi, maana itakayoondoa vanishi yako itaondoka na rangi ya mzee pia. Hayo mawili yatabaki hivyo. Kubali.

Lakini hata yale manne, usiyasafishe! Nakuona umeshaamka kutafuta kitambaa, kaa chini. Ulishayashika mara moja bila ruhusa, hutayashika mara ya pili ukisema unasaidia. Na kalamu ya kuandikia namba usinunue. Tena uache kujipa moyo eti amekuachia. Mzee aliposema ubaki nayo hakuwa anakupa zawadi. Alikuwa anasema hayatambui tena, na hilo linanichoma kuliko kelele zote za mkeo.

Fanya hivi. Wiki hii nenda ukumbini mkiwa wote kumi na mmoja, uwarudishie ngao, uwaambie mabehewa ni ya nani, nani aliyapaka rangi na nani aliyaandika, na kwamba hakuulizwa. Watakuona mjinga. Vumilia, ni siku moja.

Jumapili nenda kwa mzee, mchana, peke yako. Usimtangulize mkeo akusemee, na shemeji akisimama mlangoni msalimie kwa adabu, usubiri hata kwa saa mbili nzima. Beba yote sita kwenye vile vitambaa vyake vya pamba, na lile la msasa liweke juu kabisa, upande uliokwanguliwa ukiangalia juu, ili alione kabla hujafungua mdomo. Kisha sema, "Baba, sikukuuliza." Ukisikia neno "lakini" linakupanda kooni, limeze. Usimtajie uhalisia. Usimwambie ulitaka kumfurahisha, maana atalazimika kukuhurumia, na siku hiyo si zamu yako kuhurumiwa. Mwache aseme yote aliyo nayo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufukuza, ondoka, uyaache mabehewa hapo, na urudi Jumapili inayofuata.

Na siku atakayokubali, kama itakuja, mwulize anataka nini kuhusu ile namba. Huenda akasema iachwe. Huenda akaomba brashi na akuambie umshikilie kiwiko wakati anaandika. Mshikilie. Itamchukua muda, na herufi zitatoka zimepinda, na mkono wako wa fundi utawasha kutaka kuzinyoosha. Fundi, usiziguse.