Umelala Muzuri, Kalombo?

Mwene-Ditu, 6 Juni 1993

Yaya Ernestine,

Jambo sana. Bwana wako na batoto banaamuka aje? Siye tuko bazima, tunashukuru Mungu.

Toka batufukuze Kolwezi siye Bakasai, bantu ba Kasai, tulifanya siku tisa kwa treni. Lakini mama na badogo zangu balifika bote. Tunakaa kwa gare, pale treni zinasimama, ndani ya hema.

Iko neno moja. Ekipe ya mupira ya hapa inatafuta beki, itanijaribu tarehe 25 Septemba. Nikipita, batatupa nyumba, mama atoke kwa hema. Lakini ile paja uliyokuwa unanichunga inakataa. Nikikimbia kidogo inakamata. Weye njo kine wangu, munganga wa misuli, sawa dada yangu mukubwa; sina mwingine. Nifanye aje?

Mudogo wako,
Kalombo

Kolwezi, 29 Juni 1993

Mudogo wangu,

Barua nimeipata kwa mukono wa Tata Abibu, yule dereva wa kamio. Tuko bazima, kazi tu njo imekufa. Tereni yetu, kiwanja ya mupira, imeota majani.

Nyoosha paja asubuhi na jioni, uweke kitambaa cha maji ya moto, kisha kimbia. Na uache uvivu, ee! Ulikuwa unasinzia juu ya meza yangu ya matibabu kama mutu wa pombe. Nilimwambia antreneri, akakutoa kwa ekipe yetu. Sitaki kuyasikia tena.

Yaya wako,
Ernestine

Mwene-Ditu, 19 Julai 1993

Yaya,

Jambo. Tuko bazima, tunashukuru Mungu.

Nimefanya yote, sikuruka hata siku moja. Jana paja imekamata tena, nikaanguka mbele ya bale bantu ba ekipe. Balicheka. Labda niache mupira.

Na pombe, Yaya, mi sijaionja.

Mudogo wako,
Kalombo

Kolwezi, 4 Agosti 1993

Kalombo,

Leo sikusalimii. Salamu njo zilituharibia.

Nimefungua fishi yako, ile karatasi ya matibabu. Kila asubuhi nilikuuliza, "Umelala muzuri?" Unajibu, "Muzuri, Yaya." Na mi naandika: busingizi, muzuri. Asubuhi makumi ine! Na ni ile miezi balikuwa banatupa mawe kwa manyumba yenu. Nani alilala kule? Masikini mi! Nilisomea kazi hii, kisha nikaandika salamu kama kipimo. Kwetu nani anajibu "nimelala mubaya", hata chai hajakunywa?

Paja isiyopata busingizi haiponi. Ulisinzia kwangu juu ulikuwa umechoka, na mi nikakusemea vibaya kwa antreneri. Nisamehe, mudogo. Hata siku ile banawapakia kwa treni nilibaki ndani ya nyumba, nilikuwa na haya ya yale bantu betu baliwafanyia.

Sasa jibu kama kwa munganga. Unalala wapi, juu ya nini? Unaamuka mara ngapi? Nani anakuamusha?

Yaya wako

Mwene-Ditu, 17 Agosti 1993

Yaya,

Hatuko bazima.

Ninalala juu ya kartoni, kwa mulango wa hema, ili nilinde mama. Treni ikipiga honi ninaruka, ninafikiri ni bale ba mawe. Nikipata masaa matatu ni mengi. Kolwezi ilikuwa vile vile, lakini sikutaka useme mi niko muoga.

Hakuna mutu alishaniuliza vile, akangojea jibu. Nimelia nikiandika.

Kalombo

Kolwezi, 28 Agosti 1993

Mudogo wangu,

Tata Abibu anakuletea godoro ya meza yangu, ile uliyoizoea. Usiikatae, mezani hakuna mutu tena.

Ita banaume ba mahema mengine, mulinde kwa zamu kama posti za mugodi. Weye chukua posti ya kwanza, kisha ulale mpaka jua litoke, mbali na reli. Mama akikataa, mwambie ni amri ya kine. Mazoezi kata nusu. Hapana kujikaza!

Yaya wako,
Ernestine

Mwene-Ditu, 26 Septemba 1993

Yaya Ernestine,

Jana balinijaribu. Nilicheza mpaka mwisho, paja haikusema kitu. Banataka nianze kazi kesho, na ufunguo wa nyumba niko nao kwa mufuko. Mama anaugusa kila saa, anafikiri nitaupoteza.

Leo asubuhi aliniuliza, "Umelala muzuri?" Nilifikiri kwanza, Yaya, nikahesabu masaa. Kisha nikamujibu: muzuri. Andika kwa fishi.

Na weye, tangu siku ile ya treni, umelala aje? Usinijibu salamu. Ninangojea.

Mudogo wako,
Kalombo