Kona ya Karibu na Ghala la Pamba

Jumamosi, usiku

Sijawahi kumwambia mtu kwamba nikipalilia pamba huwa nazicheza upya kichwani mechi zote za timu yetu ya Dutwa. Msichana wa Kidato cha Tatu, nani atamsikiliza?

Lakini beki wa kulia wa Nkololo, wapinzani wetu, nimemwona. Akigeuka, anachelewa. Kaka Masanja, winga wetu wa kushoto, akimkimbiza hadi kwenye kona ya karibu na ghala la pamba, kesho dume la ng'ombe la zawadi ni letu.

Leo kamati ya ufundi imetoka kwa mganga na habari zake: Nkololo wamefukia dawa kwenye kona hiyo hiyo. Masanja acheze katikati.

"Kaka, katikati watakubana," nikasema. Hayo tu yalinitoa jasho.

"Soma vitabu vyako, mayu," akanijibu, kwa Kisukuma chetu cha kumwita msichana mama. " Mguu wangu ukikauka, utanipa wako?"

Nimechoka. Si kwa kuchota maji. Nimechoka kuwa na jibu lisilotoka mdomoni. Na kusema kweli, dawa hata mimi naiogopa.

Jioni nilipotumwa chumvi nilipitia uwanjani, nikavua viatu, nikaikanyaga kona yote mpaka vumbi likajaa vidoleni. Nyumbani sikunawa. Nikainyoosha miguu mbele ya Masanja, nikamwambia nilikotoka.

Hakucheka. Ameinama, ameikagua kidole kwa kidole.

"Kalale," amesema. "Asubuhi nitaiangalia tena kama haijakauka."

Nimejifunika shuka. Miguu nimeiacha nje.