Maziwa Hayana Kosa

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huna adabu. Maziwa hayamwagwi. Hata huyo mwalimu wako wa michezo hapo Bunda, aliyekutia ujinga huu, angelelewa kwenye boma lenye ng'ombe angejua. Ulipokuja likizo nilikupa mtindi wa kibuyu, ukasema, "Asante bibi, nitakunywa nje." Nikatoka kuanika mtama, nakuta mbwa analamba chini. Nikadhani labda tumbo linakuuma.

Kumbe ni miguu! Jana shangazi yako kaja kutoka Manyamanyama, huko huko Bunda, hata hajakaa: "Mama, Nyangeta kaanguka mazoezini. Hanywi maziwa, chakula anakigusa tu, na wenzake ni hivyo hivyo. Mwalimu anawaambiaga miguu ikiwaka moto ni asidi ya maziwa."

Asidi ya maziwa! Basi mkaona inatoka kwa ng'ombe. Kweli mtu anaweza kwenda shule akarudi na akili pungufu.

Mimi nilisoma ngumbaro tu, ile shule ya watu wazima, na barua hii naiandika kwa mkono wangu, lakini asiyejua anauliza. Nilimfuata nesi wa zahanati. Kacheka mpaka kashika meza. "Bibi, iliitwa hivyo kwa sababu waliikuta kwanza kwenye maziwa yaliyochacha. Hiyo ya miguuni misuli yenyewe inaitengeneza, mtu akikimbia kwa nguvu. Mtindi unaishia tumboni."

Tena si sumu. Kasema mtu akizoea mbio ndefu, mwili unajifunza kuirudisha kazini. Misuli na moyo vinaichoma kama chakula, nyingine ini linaigeuza sukari. Asiyezoea inamjaa haraka kuliko anavyoweza kuitumia, ndiyo miguu inagoma. Nikamwambia hayo nayajua, ni mkaa huo. Kuni ikiungua nusu inaacha mkaa. Mpishi mgeni anautupa jalalani, mzoefu anaupikia maharage. Akasema, "Bibi, ungekuwa mwalimu." Nikamwambia walimu nimewachoka.

Lakini aliposikia umeanguka, aliacha kucheka.

Na wewe ulishayajua haya kwa miguu yako, ndiyo maana nakasirika. Umesahau miaka ile sukari imepotea, sabuni tunafulia majani ya mpapai? Duka la ushirika lilikuwa juu kilimani, na kila asubuhi kabla ya shule ulikuwaga unapanda na mimi kuweka jiwe letu kwenye foleni, litushikie nafasi. Siku za kwanza ulifika katikati ukakaa chini unalia. "Bibi, mapaja yanawaka!" Nikakwambia, "Inuka. Panda huku unaniongelesha. Maneno yakikatika, punguza." Sikukukimbiza, nilikupandisha pole pole, kila siku. Mavuno mawili yalipopita ulikuwa unakimbia kilima kile unanisimulia habari za shule nzima, mimi ndiye nakosa pumzi ya kukujibu. Sukari ya kukupa sikuwa nayo. Ulipanda kwa ugali wa mtama na huo huo mtindi unaomtilia mbwa.

Sasa kila kitu ruksa. Maduka yamejaa, sukari ipo, raba za mitumba zimetandazwa sokoni, na mtoto wangu kakonda kama fito. Miaka ya njaa nilikulisha. Miaka ya shibe mwanaume mwenye filimbi anakukataza kula, na wewe unaitikia "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu." Amesoma nusu ukurasa, akawafungisha wasichana kumi kwa ajili ya jina tu. Na wewe, uliyekula kwenye mkono wangu, hukuwa na mdomo wa kuuliza?

Najua mashindano ya Musoma yamebaki wiki mbili, na najua umeyasubiri tangu mwaka jana. Hukimbii. Nesi kasema mwili wenye njaa haujengeki, unajila wenyewe. Chuki yako nitaibeba, maiti yako siiwezi. Mbio utazikuta mwakani.

Ukishaisoma barua hii, filimbi ikilia, usijifiche kwa shangazi yako. Nenda ukasimame mbele ya mwalimu, wenzako wote wakiwa kwenye mstari wanasikia, maana na wao wana njaa. Mwambie hukimbii mpaka upone, halafu umweleze hiyo asidi inatoka wapi. Usinong'one.

Mimi bibi yako, mama wa baba yako,
Butiama